Tansio haiumi, lakini moyo unachoka

Wengi wetu tunasema: «Kichwa hakiumi, basi tansio imeshuka.» Na kwa neno hilo wengi wanaacha dawa. Lakini tansio kubwa inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuumiza mahali popote, na wakati huo wote moyo unabeba mzigo.

Moyo wetu una vyumba vinne. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu mwilini mwote, karibu mara 100.000 kwa siku. Tansio ikiwa juu, chumba hicho kinafanya kazi kwa nguvu zaidi. Tufikiri mkono wa mama anayetwanga sombe kila siku: nyama yake inanenepa. Ya moyo vilevile. Kwa mkono si ubaya. Kwa moyo ni hatari, kwa sababu ukuta ulionenepa unakuwa mgumu, haulegei vizuri kati ya pigo na pigo. Usipolegea, damu haiingii vizuri, inaanza kukwama kwenye mapafu.

Ndivyo moyo unavyoanza kushindwa, hata kama bado unasukuma vizuri na mtu anaonekana mzima. Dalili za kwanza ni ndogo: pumzi kukatika tukipanda mlima na bido ya maji, kuchoka kwa kazi tuliyoizoea, miguu kuvimba jioni, kutafuta mto wa pili ili kulala, kushtuka usiku kwa kukosa hewa. Sisi wamama tunasema ni uzee, ni mawazo. Mwenye tansio asikisie. Aende kituo cha afya, aeleze yote. Muganga akiona ni lazima, atamtuma hospitali kwa ekografia ya moyo, inayoonyesha unene wa ukuta na namna moyo unavyojaa damu.

Habari njema ni hii: tansio ikishushwa mapema na ikabaki chini, unene huo unaweza kupungua. Basi tushike haya:

– Tupimwe hata kama hatuumwi. Kipimo kikifika 140/90 (wengine wanasema 14 kwa 9) au zaidi, siku mbalimbali, hiyo ni tansio kubwa.

– Tunywe dawa kila siku. Kipimo kikiwa kizuri, ni dawa inayofanya kazi. Si ruhusa ya kuiacha.

– Tupunguze chumvi. Mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabu na kube. Makayabu tuyaloweke, tubadilishe maji mara kadhaa.

– Mwenye mimba asinywe dawa ya tansio ya jirani, kwa maana nyingine zinadhuru mtoto tumboni. Na anayekunywa dawa hizo akishika mimba, amwambie muganga mara moja.

Tunajua dawa ya kila mwezi inashinda mfuko wa wengi. Lakini vikundi vyetu vina likelemba ya masahani na ya maputa. Katika mkutano ujao tuzungumze: tunaweza kutenga kidogo kwa ajili ya mwenzetu ambaye vidonge vimemwishia? Ni afadhali tumsaidie sasa, angali anapanda mlima mwenyewe, kuliko kuchanga siku amelazwa hospitali.