Rangi Mbili Haitibu Mafua

Kaa nusu saa kwenye duka la dawa la mtaani jijini Dar es Salaam msimu wa mafua, utamsikia mtu akisema: "Dada, nipatie rangi mbili, sita tu." Hataji jina la dawa. Ugonjwa nao hautaji, maana pua yenyewe inajieleza.

Rangi ni ya ganda. Ndani mnaweza kuwa na amoksilini, ampisilini, tetrasaiklini, au hata dawa ya maumivu isiyohusiana na vijidudu kabisa. Lakini tuseme mteja wetu kapata amoksilini halisi. Itakwenda kufanya nini?

Bakteria amezungukwa na ukuta, na kila anapokua na kugawanyika lazima aujenge upya. Vimeng'enya vyake ndio mafundi wa kuunganisha tofali kwa tofali. Amoksilini humganda fundi mikononi asiweze kuunganisha. Ukuta unaingia nyufa, maji yanapenya, bakteria anavimba hadi anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo hazidhuriki. Tetrasaiklini na doksisaiklini hupita mlango mwingine: huziba ribosomu, yaani mitambo ya kutengenezea protini, ambayo kwa bakteria ina umbo tofauti na yetu. Ufundi wote uko hapo, kupiga kile alicho nacho mdudu na sisi hatuna.

Kirusi cha mafua hakina ukuta wala ribosomu. Ni kifurushi cha maelekezo ya kijenetiki kinachoingia ndani ya seli yako na kuitumikisha. Amoksilini inapita bila kukuta cha kupiga, halafu inaishia kuwaua bakteria wasio na hatia utumboni. Ndiyo maana wengine huharisha.

Kwa sababu kirusi huishi kwa vitu vya kuazima, dawa yake ni ngumu kuibuni. Gertrude Elion, mwanakemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa miongoni mwa walioonyesha njia. Asaiklova, dawa ya malengelenge ya hepesi iliyotoka katika kikosi chake, huingia kwenye seli ikiwa imelala. Anayeiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Ikishaamka hujipenyeza katika DNA ya kirusi inayonakiliwa, na unakili unakatikia hapo. Adui kajiwashia moto mwenyewe.

Kwa VVU, Kiswahili kimepata neno ambalo mimi nalihusudu: dawa za kufubaza. Haziui. Tenofovir na lamivudini huzuia kirusi kunakili RNA yake kuwa DNA, na dolutegravir huzuia DNA hiyo isijichomeke katika ya kwetu. Vilivyokwisha kujichomeka vinabaki vimejificha, na mtu akiacha kumeza, vinaamka. Zinatolewa tatu katika kidonge kimoja kwa sababu VVU hukosea sana kinapojinakili, na baadhi ya makosa hukiokoa dhidi ya dawa moja. Dhidi ya tatu kwa mpigo, bahati hiyo ni adimu.

Bakteria nao hukosea, tena wana kasi. E. coli akipata chakula na joto la kutosha hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja anaweza kuzidi milioni 2 ndani ya saa 7. Katika umati huo atapatikana wa kuhimili dawa. Vidonge sita vya kubahatisha vinafyeka wanyonge na kumwachia yeye uwanja, naye anaweza kuwagawia hata bakteria wa aina nyingine jeni zake za usugu. Watu husema "mwili wangu umeizoea dawa", lakini anayezoea ni bakteria. Mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani.

Idadi ya siku za dozi hupangwa na ugonjwa. Mengine ni siku 3 au 5, kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Anayepanga ni mtaalamu aliyekupima, si nafuu ya siku ya pili, na masalio si ya kumgawia jirani. Kama penisilini iliwahi kukuletea vipele au kukubana pumzi, sema kabla hujaandikiwa amoksilini, maana ni ukoo mmoja. Tetrasaiklini usiimeze na maziwa, kalisi huishika isifyonzwe; mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 hawapewi, huharibu rangi ya meno yanayoota. Na ile chupa ya unga wa amoksilini ya mtoto, ikishachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, ina siku zake zilizoandikwa kwenye lebo. Haisubiri kikohozi cha mwezi ujao kabatini.

Mteja wetu wa rangi mbili, kwa kawaida, atapona. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, ameze asimeze. Ila yeye alimeza, na siku jirani akianza kupiga chafya, atamwambia anunue sita.