Je, Wajua? Bia haina mafuta, lakini huleta kitambi

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 haina mafuta. Hata hivyo hubeba kalori zipatazo 210, na takriban theluthi mbili yake hutoka kwenye alkoholi yenyewe, si kwenye shayiri.

Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7. Sukari ina 4, mafuta 9.

La kushangaza zaidi hutokea mwilini mwa mnywaji. Mwili hauna pa kuiweka akiba alkoholi, kwa hiyo ini huishughulikia kwanza, na uchomaji wa mafuta hupungua. Mafuta ya nyama choma na chipsi zilizoagizwa usiku huo hubaki mwilini. Tena alkoholi huamsha hamu ya kula. Ndipo sahani ya pili inapoagizwa.

Chupa nne ni zaidi ya kalori 800. Mwanamke mzima huhitaji kama 2,000 kwa siku nzima!

Kalori zikizidi, wanaume wengi hunenepa tumboni, wanawake mapajani na nyongani. Pombe kali nayo haisalimiki, hasa ikichanganywa na soda yenye sukari.