Mpira wa Sialkot na Watoto wa Sori

Mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, ule uliopigwa na mabarobaro wa Sori nchini Kenya, kando ya Ghuba ya Karungu ya Ziwa Victoria, kama ulivyopigwa kwingineko duniani, ulikuwa na vipande 32, yaani 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano, vilivyounganishwa kwa mamia ya mishono ya mkono; na aghalabu mikono hiyo ilikuwa ya watu wa Sialkot, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan. Wakala alichukua vipande vilivyokatwa kiwandani, akavipeleka vijijini, kisha akarudi kukusanya mipira na kulipa kwa idadi yake, si kwa saa. Ujira wa namna hiyo humwingiza mtoto kazini pasi na mtu kumwita, kwa kuwa mzazi akishona mitatu na mwanawe mmoja, nyumba imelipwa minne, na kule kiwandani hakuna awezaye kuapa kwamba ule wa nne ulishonwa na nani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watoto zaidi ya 7,000, wenye umri wa miaka 5 hadi 14, walikuwa wakiifanya kazi hiyo.

Mwaka 1996 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha ya mtoto akishona mpira wenye alama ya Nike, na fedheha ikawaangukia wauzaji. Mwezi wa Februari 1997, mjini Atlanta, chama cha wafanyabiashara wa Sialkot, Shirika la Kazi na UNICEF walitia sahihi mapatano ambayo nguvu yake, kwa rai yangu, haikuwa katika ahadi zake njema bali katika sharti moja kavu: ushonaji utolewe majumbani na uhamishiwe katika vituo vilivyoandikishwa, ambamo kila mshonaji ana jina na umri wake daftarini, na ambamo mkaguzi huingia bila ya kubisha hodi. Kazi iliyokuwa imetawanyika ikapata mahali pa kuhesabiwa. Kadhalika zilifunguliwa shule na kutolewa mikopo midogo, ingawa wanawake ambao desturi za kwao ziliwazuia kutoka walipoteza riziki, hata vikabuniwa vituo vyao wenyewe. Wala jambo hilo halikwisha siku moja, kwani mwaka 2006 Nike ilivunja mkataba na kampuni ya Saga Sports baada ya kubainika kwamba mipira ilikuwa ikirudishwa kushonwa nyumbani. Na waliopotelewa na kazi wengi walikuwa watu wazima wasio na hatia yoyote.

Nairobi nako kumeshonwa mipira tangu mwaka 2004 na shirika la Alive and Kicking, kwa mikono ya watu wazima wenye ujira, basi mtu asiseme kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Lakini huko Sori, kama katika fukwe za jirani zake wa Homa Bay, mtoto haumizwi na sindano ya mpira. Kazi yake ni kuanika dagaa waitwao omena, kukumba maji mtumbwini na kukunjua nyavu baada ya uvuvi wa usiku wa taa. Na huko bara kidogo, katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kuanzia Macalder hadi Osiri, ni kuponda mawe, kuteka maji na kuchekecha mchanga. La kutisha zaidi ni zebaki, ambayo hukamata chembe za dhahabu na kisha huchomwa motoni, ikatoa mvuke usioonekana unaodhuru mishipa ya fahamu na figo, na mwili unaokua ndio udhurikao upesi.

Sheria haikosekani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima na kumkinga na kazi za hatari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na aliye kati ya 13 na 16 inamruhusu kazi nyepesi tu. Lakini sheria ya ajira humtafuta mwajiri, ilhali mtoto wa ufukweni hulipwa nusu gorogoro ya omena na mtu amwitaye mjomba, na dhahabu ikishayeyushwa katika mikono ya dalali wa tatu haina tena kijiji wala mchimbaji. Hakuna mnunuzi wa Marekani wa kuonea haya kipande cha dhahabu kisicho na nembo.

Kwa hiyo linaloweza kuazimwa Sialkot si ile fedheha ya mnunuzi, bali daftari. Mawe mengi ya Nyatike hupita katika vinu vya kusagia kabla ya kuwa dhahabu, na wenye vinu ni wachache, wanajulikana kwa majina. Nazo mashua hutua katika fukwe zilizo chini ya kamati za usimamizi wa fukwe (BMU), ambazo tayari huandikisha vyombo na wanachama. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo na kuwapa njia ya kibali. Basi na kibali hicho, pamoja na leseni ya chombo, kifungamanishwe na sharti kwamba mwenye kinu au mashua ndiye atakayejibu akikutwa mtoto kazini, hata kama mtoto huyo alikuja na mamaye.

Mamaye naye asisahauliwe. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na katika miezi hiyo nyumba iliyotegemea karai la samaki hutazama upande wa mashimo. Mkaguzi akimfukuza mtoto kinuni mwezi wa Mei, na shuleni hakuna chakula cha mchana, atamkuta kwenye kinu cha pili kabla ya jua kutua. Kule Sialkot wenye viwanda walichangia gharama za ukaguzi. Huku, ushuru utozwao ufukweni na ada ya kusagia mawe vingeweza kutengewa sehemu ya sufuria ya shule, na hesabu yake ikabandikwa ukutani pale pale mizani ilipo.