Thamani Inajulikana, Bei Inapaa

Mwaka 1988, wanauchumi Vernon Smith, Gerry Suchanek na Arlington Williams walichapisha matokeo ya majaribio yao ya soko. Washiriki walipewa fedha na hisa za kubuni, wakauziana kwenye kompyuta kwa vipindi 15. Kila hisa ililipa gawio la wastani wa senti 24 za dola kwa kipindi, na mwisho wa soko haikubaki na thamani. Hesabu ilikuwa wazi: mwanzoni hisa ilistahili dola 3.60, kisha thamani ipungue senti 24 kila kipindi. Washiriki walielezwa yote. Hapakuwa na siri wala tapeli.

Hata hivyo, mara kwa mara bei ilipaa kupita thamani, kisha ikaporomoka vipindi vilipokaribia kwisha.

Sababu ni kwamba mtu anaweza kujua thamani ya hisa bila kujua mwenzake atafanya nini. Akiona bei inapanda, hununua kwa tamaa ya kumuuzia mwingine kwa bei kubwa zaidi. Wengi wakiwaza hivyo, bei huzidi kupanda. Wa kwanza akiingiwa na hofu, wote hutaka kuuza kwa pamoja.

Nchini Marekani, mchezo huo ulichezwa kwa nyumba. Hadi 2006 bei zilipanda, na benki zilikopesha hata wasio na kipato cha kutosha, kwa imani kwamba bei za nyumba haziwezi kushuka nchi nzima. Zikashuka. Na kwa kuwa fedha zilikuwa za mkopo, anguko la mmoja lilimvuta mwingine, hadi benki ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika tarehe 15 Septemba 2008.

Je, watu hawajifunzi? Hujifunza. Washiriki walewale waliporudia soko mara ya tatu, bei ilikaa karibu na thamani. Lakini mwaka 2008 Reshmaan Hussam, David Porter na Smith walionyesha kuwa fedha zikiongezwa na gawio likawa gumu kutabirika, hata wazoefu hupandisha bei upya. Uzoefu hutukinga na janga tulilokwisha kuliona. Likija kwa sura nyingine, hutunasa tena.

Kwa hiyo kuwaasa watu wawe waangalifu hakutoshi. Zinahitajika kanuni za kubana mikopo bei zikiwa bado zinapanda, wakati ambao kila mtu anaona faida na hakuna anayetaka kubanwa.