Somo la Afya: Miguu ya Mchimbaji, Maji na Baridi

Wewe uliye na karatasi hii mkononi, soma polepole. Ukikutana na neno gumu, mwulize mwenzako au mwalimu wako, kisha endelea.

Somo la leo ni la miguu ya mchimbaji. Tutaeleza kwa nini miguu inayokaa majini wakati wa baridi hufa ganzi, huvimba, na mara nyingine hata huoza. Tena tutaeleza namna ya kuikinga.

Pengine mtu wa Makongolosi atasema, "Mwalimu, sisi hatuna baridi. Baridi iko Makete na Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Mtu akitoka Mbeya, akapanda mlima na kuteremka upande wa Chunya, huvua koti lake." Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Mguu hauhitaji barafu ili uumie. Mguu uliolowa huweza kuumia hata kama kipimo cha joto kinaonyesha nyuzi 10 au 15, ukikaa hivyo kwa muda mrefu. Maji na muda ndivyo vinavyouumiza. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu.

Kazi ya dhahabu na maji ni ndugu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikwenda huko kutafuta riziki. Wengi walisimama vijitoni wakiosha changarawe. Hata leo Makongolosi ni mji wa wachimbaji. Mmoja yuko chini ya shimo, na maji yanayotoka ardhini yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mwingine anaosha mchanga tangu alfajiri, miguu ndani ya tope. Wako wanaume, na wako akina mama. Somo hili ni lao wote.

Sasa tuangalie mwili unavyofanya kazi. Moyo ni kama pampu. Husukuma damu katika mishipa, na damu hupeleka chakula, hewa safi na joto kila mahali. Mkulima anayemwagilia shamba lake kwa mfereji atafahamu upesi. Maji yakifika vizuri, mboga husitawi. Mfereji ukizibwa, mboga za mwisho kabisa ndizo zinyaukazo kwanza. Katika mwili wa mtu, shamba la mwisho ni vidole vya miguu, kwa kuwa viko mbali na moyo.

Mwili ukipata baridi hujitetea. Hutaka kulinda joto la moyo, mapafu na tumbo. Kwa hiyo hukaza mishipa midogo ya miguu na mikono ili damu yenye joto isipotee huko nje. Kwa muda mfupi jambo hili halina hasara. Lakini miguu ikiwa majini, joto hutoka upesi sana, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Basi mishipa hukazwa saa baada ya saa. Nyama na neva za mguu, yaani nyuzi zinazopeleka habari za maumivu, hukosa chakula na hewa. Mtu anaweza kupata madhara hata kabla ya siku moja kwisha.

Dalili zake huja kwa hatua. Kwanza mguu huwa baridi, hupauka au kubadilika rangi, na kufa ganzi. Mtu husema, "Nahisi kama nakanyaga pamba." Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu mguu hauumi, na asiyeumwa hudhani kuwa ni mzima. Baada ya kutoka majini na kupata joto, mguu huvimba, huwa moto, na kuuma kama unaungua. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo tazama uvimbe, na pima joto kwa mkono. Baadaye huweza kutokea malengelenge na vidonda. Ikiwa damu ilikosekana muda mrefu mno, nyama hufa, hugeuka nyeusi na kunuka. Ikifika hapo, daktari huweza kulazimika kukata kidole, au mguu wenyewe. Hata aliyepona huenda akabaki na miguu inayouma kila baridi inapokuja, kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu ulijulikana sana katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918. Huko Ufaransa na Ubelgiji askari walisimama mchana na usiku katika mahandaki yaliyojaa maji na tope. Maelfu kwa maelfu waliugua miguu bila kupigwa risasi. Wakubwa wa jeshi walitoa amri: kila askari akaushe miguu, abadili soksi, na askari wawili wawili wakaguane miguu kila siku. Hapakuwa na dawa ya ajabu, ila amri hizo zilipofuatwa ugonjwa ulipungua sana. Yaliyowasaidia askari katika handaki yanaweza kumsaidia mchimbaji katika shimo.

Basi, shika mambo haya sita.

Kwanza, usikae majini zamu nzima. Pokezaneni. Mmoja akiwa majini, mwingine afanye kazi mahali pakavu. Kama kuna pampu, maji yatolewe kabla ya watu kushuka. Wewe mwenye shimo, sikia neno hili. Kibarua anayelipwa kwa mgao wa mawe huogopa kupanda juu mapema, asije akapoteza fungu lake. Mpangie zamu fupi, na mgao wake usipungue.

Pili, vaa buti la mpira lisilotoboka. Buti lililoingia maji ni ndoo, na mguu wako umo ndani. Mwaga maji hayo mara moja.

Tatu, buti lisibane. Wengine huvaa soksi mbili katika buti dogo wakidhani watapata joto. Kumbe buti linalobana huzuia damu, na baridi huzidi.

Nne, chukua soksi kavu za akiba katika mfuko wa nailoni. Wakati wa kula, vua buti, kausha miguu, hasa katikati ya vidole, kisha vaa soksi kavu. Usiku usilale na soksi zilizolowa. Anika buti, au tia magazeti makavu ndani yake yanywe maji.

Tano, kumbuka kuwa jasho nalo ni maji. Zamani, kabla ya uhuru wa mwaka 1961, vijana wengi wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Chini kabisa ya migodi ile kuna joto kali, lakini juu, mwezi wa Juni na Julai, kuna baridi ya kugandisha umande. Mtu aliyetoka chini akiwa amelowa jasho aliikuta baridi hiyo mlangoni. Buti la mpira halipitishi jasho. Hivyo hata katika shimo kavu, soksi zako huweza kulowa.

Sita, acha sigara. Tumbaku hukaza mishipa ya damu, kama baridi ifanyavyo. Mchimbaji anayevuta ili apate joto anaipunguzia damu miguu yake. Mwenye ugonjwa wa kisukari naye ajihadhari zaidi, kwa maana huenda miguu yake haina damu ya kutosha wala haihisi maumivu vizuri.

Je, mwenzako akitoka shimoni na miguu iliyokufa ganzi, utafanya nini? Mvue buti na soksi polepole. Osha miguu kwa maji safi, ikaushe kwa kuibonyeza kwa nguo kavu, wala usiisugue. Mlaze, inua miguu yake juu kidogo, mfunike blanketi, mpe chai ya moto. Acha miguu ipate joto pole pole. Usiiweke karibu na moto, wala usiitie katika maji ya moto. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Utaungua bila mwenyewe kujua. Usitumbue malengelenge.

Mpeleke zahanati au hospitali upesi ukiona ganzi haiondoki, malengelenge, vidonda, ngozi kugeuka nyeusi, harufu mbaya, au homa. Asitembee kwa mguu huo ikiwa mnaweza kumbeba. Wako watakaosema kwamba amekanyaga uchawi, na kwamba atafutiwe mganga kwanza. Ndugu zangu, nyama inayokufa haingojei. Siku mbili au tatu za kuzungukazunguka huweza kuwa tofauti ya mtu mwenye miguu miwili na mtu mwenye mguu mmoja. Mchimbaji akipoteza mguu, nyumba nzima imepoteza jembe lake.

Sasa jadilini maswali haya darasani:

1. Kwa nini vidole vya miguu huumia kabla ya sehemu nyingine za mwili?
2. Kwa nini mguu usiouma huweza kuwa na hatari kuliko unaouma?
3. Taja mambo mawili ambayo hayafai kufanyiwa mguu wenye ganzi.
4. Hapo mnapofanya kazi, ni nani hukaa majini muda mrefu zaidi? Mtapangaje zamu ili apate nafasi ya kukausha miguu?

Kabla ya kufunga darasa, kila mtu achague mwenzake. Kuanzia kesho, mkitoka kazini, vueni viatu mkaguane miguu. Kazi hiyo haihitaji dakika tano. Kwaherini.