Rufaa ya ajali iliyoua: pesa chache mzipeleke wapi?

Dereva wenu amefungwa Meru au Embu kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Mna siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Msingoje harambee.

Kama alikiri kosa, rufaa ni ya adhabu tu, na jaji ana uwezo wa kuiongeza. Hapo fikirini mara mbili kabla ya kutoa hata shilingi.

Njia ya bei ya chini kabisa iko gerezani: mfungwa hukabidhi ombi lake la rufaa kwa mkuu wa gereza, naye hulifikisha kortini. Lakini hoja zikiwa dhaifu, jaji anaweza kulitupa bila kulisikiliza.

Wakili ni ghali, na gharama hujificha. Bei mliyotajiwa ni ya kuandika hoja tu? Je, siku za kufika kortini, nauli, ombi la dhamana? Ulizeni kabla ya kulipa, makubaliano yaandikwe, risiti mpewe. Pesa zikiwa haba, mlipeni aandike hoja na asimame siku ya kusikilizwa. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ni kwa wasiojiweza. Ombeni, lakini siku 14 zisiishe mkisubiri jibu.

Dhamana ya kusubiri rufaa ni ombi la pekee, na haitolewi hivi hivi. Lazima rufaa ionekane ina nguvu. Kifungo kikiwa kifupi, inafaa kuilipia, maana anaweza kukimaliza kabla rufaa haijasikilizwa. Kikiwa kirefu, wekeni pesa kwenye rufaa yenyewe.

Kitu ambacho hampaswi kubania ni nakala ya mwenendo wa kesi. Jaji hupima upya ushahidi wote: mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa gari, maneno ya mashahidi. Ukurasa ukikosekana, irudisheni kortini.

Mkishindwa, inabaki Mahakama ya Rufaa, kwa hoja za kisheria pekee. Kwa familia nyingi, hiyo haistahili kuuziwa shamba.

Anayeomba pesa za "kumwona jaji" ni tapeli. Mfukuzeni.

Leo hii pelekeni barua ya kuomba nakala ya hukumu, mbaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa korti. Nakala ya hukumu ikichelewa kutolewa, muhuri huo ndio utakaowatetea mkiomba kukata rufaa nje ya muda.