Treni ya madini inayorudisha umeme

Kaskazini kabisa ya nchi ya Uswidi kuko mji wa wachimbaji, Kiruna. Wanachimba chuma chini ya ardhi, halafu treni ya umeme inakipeleka hadi bahari, kwenye bandari ya Narvik, nchini Norwe. Mtu akisimama kando ya reli anaona kwanza taa ndani ya theluji, kisha mashine, kisha vagoni: kumi, arobaini, mpaka 68. Treni nzima iko na urefu wa metre karibu 750. Kila vagoni imebeba tani karibu 100. Ziwa limeganda kwa baridi, na milima iko myeupe pande zote.

Sisi tunaoishi na machimbo tunaitazama treni ile kwa sababu ingine. Toka mpaka wa Norwe, reli inateremka metre karibu 500 mpaka bahari. Treni iliyojaa haiombi nguvu ya kushuka, inaomba kuzuiwa. Basi mota zake zinafanya kazi ya grupe: zinazuia magurudumu, na wakati huohuo zinatoa umeme unaorudi katika nyaya. Umeme ule unasaidia treni tupu kupanda mlima tena. Uzito wa madini unalipa safari ya kurudi.

Congo yetu pia ilikuwa na treni za namna hiyo. Kule Katanga, mwaka 1952, treni ya umeme ilianza kati ya Likasi na Tenke, na baadaye nyaya zikapita kilomita 800. Umeme ulitoka kwa nguvu ya maji. Leo reli ile imechoka, na shaba nyingi inatoka Kasumbalesa juu ya kamio.

Na huku Ituri? Dhahabu ya Kilo inajulikana tangu 1903. Reli ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka 1937, ikaishia pale. Kampuni ya Kilo-Moto ilijenga barabara zake, na masine za umeme za Budana, kwenye mto Shari, kwa kazi ya machimbo. Lakini kusafirisha dhahabu yenyewe hakuombi reli. Chuma ni kizito, kinamlazimisha mwenye kukitaka ajenge reli na bandari kwanza. Dhahabu ya shimo nzima inaingia katika mfuko wa suruali. Mtu anapanda pikipiki, na jioni amekwisha kuvuka mpaka. Nyuma yake hakubaki hata nguzo moja ya umeme.

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaongoja nyumbani, madini yetu hayana uzito wa kurudisha kitu yenyewe. Kinachoweza kurudisha ni karatasi. Sheria ya madini ya 2018 inasema: katika kodi ya redevance inayolipwa na kampuni, 15 kwa mia ni ya chefferie, secteur au commune ya mahali wanapochimba. Ni feza ya shule, ya maji, ya barabara. Lakini gramu iliyovuka usiku bila kuandikwa hailipi kodi yoyote, na mkubwa wa mahali hana cha kuulizwa.

Kwa hiyo tuulize mapema, kwenye mkutano wa kooperative na kwa chef wetu: mwaka huu ni kiasi gani kiliandikwa, na ni nini kilirudi? Kule Narvik wanapima hata nguvu ya kushuka mlima. Na sisi tupime kinachotoka kwetu.